Mume Wangu Ana Meno Manne

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumanne, gari jeupe liliposimama chini ya madirisha ya darasa la saba. Nina hakika na saa kwa sababu Nyamizi, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa ametoka kuninong'oneza kwamba imebaki robo saa kengele ya mapumziko igongwe, na Nyamizi hakuwa akikosea. Alikuwa akitazama kivuli cha mwamba mkubwa uliokuwa nyuma ya ofisi, namna kilivyosogea uwanjani, kama wengine wanavyotazama saa ya mkononi. Kutoka garini aliteremka mtendaji wa kata, akafuatiwa na mwanamke mrefu wa Kizungu ambaye tulikuwa tumemwona mara moja tu kabla ya hapo, alipokuja kutangaza kwamba watu wa kwao wangemlipia mwanafunzi mmoja wa shule za kata yetu karo ya sekondari ya bweni, ng'ambo ya Sengerema, hadi kidato cha nne. Tulishindana kwa kuandika insha ya Kiingereza kuhusu familia zetu. Sasa alikuwa ameshika karatasi moja, na hata kwa umbali ule niliitambua kuwa yangu, kwa sababu darasa zima ni mimi peke yangu niliyeandika kwa wino wa kijani, kalamu ya kuazima kwa Nyamizi. Nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya harusi ya Kisesa, mwezi uliopita. Nilipangiwa meza ya nyuma, na nilipovuta kiti nikamwona Mwalimu Koku ameketi mbele yangu, amestaafu, fimbo yake ameiegemeza kwenye kitambaa cha meza, anachambua mchuzi kutoka kwenye wali kwa utaratibu uleule aliokuwa nao wa kufuta ubao, kuanzia kona ya juu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuuliza mimi ni nani. "Marahaba, Kabula. Mume wako alikusamehe?" Kijana aliyekaa kati yetu, mwenye tai, mwalimu wa hizi shule ambamo watoto huzungumza Kiingereza tangu wakiwa na miaka mitatu, aligeuka kwa adabu na kuniuliza kama shemeji naye yupo hapa ukumbini. Mimi na Mwalimu Koku tukajibu kwa pamoja, "Marehemu." Kijana akatoa pole, na kwa muda mrefu hakuelewa kwa nini mwalimu mstaafu na mwanamke mtu mzima wameweka vijiko chini na kufuta machozi ya kicheko. Tulimweleza baadaye. Alisikiliza vizuri, akasema ni mfano mzuri wa kufundishia. Labda. Kwangu haukuwa mfano, ulikuwa mwaka mzima wa maisha.

Mwalimu Koku alikuwa Mhaya, alihamishiwa kwetu Buhongwa akitokea Bukoba, na alikuja na tabia moja iliyowakera walimu wenzake: hakuamini kwamba Kiingereza ni somo la kukariri. Kitabu kilikuwa kimoja kwa dawati zima. Ndani yake palikuwa na ukurasa wa tashbihi, ile mistari ya kufananisha, mweupe kama theluji, mkaidi kama nyumbu, na wanafunzi waliotutangulia walikuwa wakiikariri kwa kuimba hadi mtihani upite. Mwalimu Koku naye alituandikisha yote, tukaiimba, akasema hiyo ni ya mtihani, mwekeeni msahihishaji. Kisha akasema, "Sasa nileteeni ya kwenu. Theluji hapa nani ameiona? Nataka mnavyosema nyumbani, mkiiandika kwa Kiingereza." Mvulana mmoja wa nyuma akasimama. "Mwalimu, bibi husema baba ni paa la nyumba yetu." "Vizuri. Linavuja?" "Mwisho wa mwezi tu, Mwalimu." Darasa likacheka, naye akasubiri tumalize. Kwa kila neno la namna hiyo alikuwa na maswali mawili, na tulilazimika kuyajibu kabla hajaturuhusu kuliandika ubaoni: nani anamwambia nani? Na je, wote wawili wanajua? Bibi anajua mwanawe si bati. Mwanawe anajua mama yake anajua. Basi andika. Nimejifundisha mambo mengi tangu wakati ule, kwa vitabu vya mtumba, kwa redio, kwa kuwauliza watu waliochoka kuulizwa, na bado sijapata maswali yanayoyazidi yale mawili.

Nyumbani nilikuwa nikisikia lugha ya namna hiyo kutwa, bila kujua kwamba ina jina darasani. Tulikula kwenye ukumbi wa nyuma, chumba kilichokuwa na dirisha moja na harufu ya mbuzi, kwa sababu Babu alikataa kulala mbali na mbuzi wake. Mwaka ule viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa mjini. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukinunua mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya kisu, ambayo Bibi aliyachemsha na nyanya hadi mchuzi uwe mzito. Babu alikuwa na meno manne. Aliniita mke wangu, kama babu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na Bibi aliniita mke mwenzangu, nami nilijibu kwa cheo hicho tangu nilipojua kusema. "Mke wangu," angesema, akigeuza kipande sahanini, "mwenzio amenipa mifupa tena." Bibi hakuwa akiinua macho. "Aniletee meno kwanza, nyama itafuata." "Unasikia? Ndiyo maana nikaoa wa pili." "Wa pili mwenyewe hajui kusonga ugali." "Atajifunza. Wewe ulijifunza lini?" Nami ningemchagulia Babu mnofu ulioshikilia karibu na jicho la samaki, nikamwekea, na Bibi angelalamika kwamba ameolewa miaka hamsini hajawahi kuona jicho. Jioni nilimlowekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, hadi ilainike, na tuligombana na Bibi juu ya nani amemwekea karanga nyingi zaidi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba yetu. Ukiyaondoa, tulikuwa watu wa kuulizana mbuzi wamerudi wangapi.

Kwa hiyo nilipoambiwa niandike kuhusu familia yangu, niliandika tunavyosema nyumbani. Niliandika, kwa Kiingereza nilichokipanga neno kwa neno siku tatu: mume wangu ni mzee, ana meno manne. Alinioa siku niliyozaliwa. Mahari yangu ilikuwa kuku, na hajamaliza kulipa. Mke mwenzangu ni mkali lakini anapika vizuri kuliko mimi. Mume wangu akipata fedha ya mbuzi hununua sukari, na mke mwenzangu huificha. Niliangalia tahajia ya kila neno kwenye kitabu. Sentensi zote zilikuwa sahihi, na bado ninaamini zilikuwa sahihi.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa pia stoo ya majembe na magunia ya mahindi ya walimu, na nilisimamishwa katikati, mgongo kwenye majembe. Mgeni aliinama ili macho yake yawe sawa na yangu. Alizungumza polepole sana, kwa upole ambao sikuuelewa sababu yake. Aliniuliza mume wangu ana miaka mingapi. Swali lilikuwa jepesi, nikajibu kwamba sijui, lakini alizaliwa kabla barabara ya Shinyanga haijatiwa lami. Akauliza nilimfahamu lini. Nikasema, tangu nizaliwe. Akauliza kama ananitendea vizuri. Nikasema ndiyo, ila anakula taratibu mno na mimi huchelewa kuosha vyombo. Mgeni akaweka mkono mdomoni. Mtendaji wa kata, Msukuma wa Magu, alikuwa ameanza kutazama dari muda mrefu, na hapo mabega yake yakatikisika na kicheko kikamtoka puani. Kile kicheko ndicho kilichoharibu. Mgeni alisimama wima, uso mwekundu, akamgeukia, na ingawa alisema kwa sauti ndogo nilielewa kila neno: kwamba hapa kuna mtoto, na kwamba haoni cha kuchekesha. Mwalimu Koku, ambaye alikuwa ameitwa atafsiri, alianza kueleza. Alisema hata kwao Bukoba babu humwita mjukuu hivyo. Mgeni akamuuliza kama anamaanisha kwamba na huko wanafanya hivyo.

Ikabidi Babu aitwe. Alikuja na koti lake la sherehe, kamba ya mbuzi bado ameikunja mkononi, akaketi juu ya gunia kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Mtendaji akajaribu kuwa na uso wa kazi. "Shikamoo, mzee. Umeshitakiwa kwa kuoa mwanafunzi." Babu akanitazama, akamtazama mgeni, akatafakari. "Mahari nimemaliza?" "Wanasema kuku mmoja bado." "Basi sijaoa. Nimechumbia tu." Mwalimu mkuu aligeukia dirishani. Mgeni akauliza mzee amesema nini, na mimi nilimtazama Mwalimu Koku, kwa sababu nilitaka kuona sentensi ile ikiingia katika Kiingereza. Nadhani alijiuliza yale maswali yake mawili, akaona kwamba mle ofisini watu watano wanajua na mmoja hajui, na huyo mmoja ndiye mwenye karo. "Amesema," akatafsiri, "kwamba yeye ni babu yake."

Mgeni hakuwa mjinga wala mtu mbaya, na ningependa ijulikane hivyo. Alipoelewa alimshika Babu mkono kwa mikono yake miwili na akaomba radhi, na Babu akampa pole kwa safari. Lakini alisema kitu kimoja, na nilipofikiri baadaye niliona hakuwa na njia nyingine. Watakaolipa wako mbali, alisema. Hawatakuja hapa, hawatamwona mzee huyu juu ya gunia. Watasoma karatasi peke yake. Akanirudishia karatasi yangu na kuniomba niiandike upya bila jambo lile.

Niliiandika upya jioni ileile, ukumbini, na Babu akataka nimsomee kwa Kiswahili kabla sijaipeleka. Nikamsomea. "Babu yangu ni mzee. Ana meno manne. Anafuga mbuzi. Bibi yangu anapika vizuri. Tunawapenda sana." Alisikiliza hadi mwisho. "Huyo mzee simfahamu," alisema. Bibi, aliyekuwa anachambua dagaa, akasema yeye anamfahamu, ni yule anayelala kabla ya taarifa ya habari. Hatukucheka sana. "Peleka," Babu akasema. "Shule ni shule." Asubuhi alinituma maji, na alisema, "Kabula, niletee maji." Nilisimama na kata ya kuchotea maji mkononi nikisubiri aseme tena vizuri. Hakusema. Jioni mchuzi ulipoletwa akala alichopewa bila kumlalamikia mtu. Wiki ile nilimsikia, nikiwa nafunga mbuzi upande wa pili wa ukuta, Bibi akimuuliza Babu kama mtoto amemkosea. "Hajanikosea. Mdomo ukizoea, kalamu inafuata. Mtihani bado, na wale watu wanasoma kila kitu. Akishapata hiyo shule nitamwoa upya." "Na kuku?" "Nitatoa mbuzi." Bibi akasema atakuwa amechelewa, sisi wake tutakuwa tumeshahama. Nilifurahi kusikia kwamba ni kwa muda tu. Hata hivyo nyumba ilibadilika. Bibi hakuwa na wa kugombana naye juu ya karanga, na niligundua kwamba sijui kumtendea mzee aliye babu yangu tu. Nilimwamkia, nikampa maji, nikaondoka.

Ilikuwa Juni, wakati wa kuuza pamba, kiti cha Nyamizi kilipobaki wazi. Mwaka ule watu binafsi walikuwa wakizunguka na magari kununua pamba kwa fedha taslimu, bila kusubiri chama cha ushirika, na mmoja wao, mtu wa miaka arobaini hivi, alifikia kwa baba yake Nyamizi mara tatu. Mara ya tatu aliondoka na Nyamizi. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Katika lile shindano aliandika insha ambayo haikuwa na kosa hata moja: baba yangu ana ng'ombe, mama yangu analima, napenda uji. Hakuna gari lililokuja kuiulizia. Mwalimu Koku alikwenda kwa baba yake kwa miguu, akarudi, akafundisha kipindi cha mwisho akiwa ametugeuzia mgongo, anaandika ubaoni bila kusimama. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuweza kulisema vizuri, lakini nililijua: mgeni yule alikosea nyumba, hakukosea mtaa. Mimi niliyeandika mume nilikuwa na babu. Yeye aliyeandika baba sasa alikuwa na mume. Tangu hapo, kila ninaposoma jambo lililonyooka kabisa, hukaa nalo muda mrefu kuliko yale yenye mafumbo.

Babu alifariki Novemba, mvua zikiwa zimeanza, majibu ya wafadhili yakiwa hayajafika. Aliugua kifua siku chache. Nilimlowekea michembe, hakula. Siku ya mwisho aliponiita alisema Kabula, naamini kwa kukusudia, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, na mtihani nilikuwa nimefanya lakini shule sikuwa nimepata. Msibani niliketi na wasichana wa jirani, pembeni, kama mjukuu wa kawaida. Kwetu wajukuu ni watani wa marehemu na mtani ana haki zake. Binamu zangu walikuwa wameshaficha majembe ya kuchimbia kaburi hadi walipwe, na mmoja alitembea uani na koti la Babu akiwauliza waombolezaji ni nani aliyemwibia meno. Mimi sikuingia. Nilikuwa nimekaa miezi minane bila cheo na sikujua kama bado ninacho. Ndipo Bibi, aliyekuwa kwenye mkeka wa mjane, akainua kichwa na kuita mbele ya watu wote, kwa sauti ya kukwaruza. "Mke mwenzangu yuko wapi? Nilie peke yangu, mume nilikuwa naye peke yangu?"

Watu wakanipisha. Niliketi kando yake na mtu akatuwekea ungo mbele, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilisema kama nilivyofundishwa: kwamba mume wangu haondoki hapa, mahari yangu haijaisha, atakayembeba anilipe kwanza. Nilisema nikilia, na kilio kilikuwa cha kweli na madai yalikuwa ya utani, na sikuona mahali kimoja kilipoachana na kingine. Walitoa. Mtendaji wa kata alitoa noti, akasema ni faini ya kicheko cha siku ile. Mwalimu Koku naye alitoa. Mwishoni alikuja Nyamizi, amejifunga kanga mbili za mtu mzima, amenenepa usoni. Akaweka sarafu ungoni na kuinama. "Pole, mjane," alisema, na akatabasamu kidogo, kama zamani alipokuwa akiniambia imebaki robo saa. Nikataka kumuuliza habari za kwake. Swali nililikosa katika lugha zote.

Majibu ya wafadhili yalifika Desemba na jina langu halikuwamo, alichaguliwa mtoto wa shule nyingine. Mwalimu Koku aliniambia, pale Kisesa, kwamba mwaka uliofuata alimuuliza mgeni sababu, na mgeni akasema insha ile ilikuwa safi, ila wasomaji hawakuikumbuka. Sekondari ya serikali nayo sikuchaguliwa. Bibi alikuwa ameufunga mchango wa ungoni katika pindo la kanga, hakuruhusu uguswe hata kwa chumvi. "Cha mjane hakiliwi na wenye nyumba," alisema. Januari, wenzangu wawili walipovuka kwenda bweni, alilifungua lile pindo mikononi mwangu, nikatembea hadi mjini. Karibu na soko palikuwa na mzee aliyeuza vitabu vya mtumba juu ya turubai, na nilikuwa nimeona kwake kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Nilimmwagia sarafu mbele yake. Alizihesabu, akanitazama, msichana wa sare iliyopauka, akauliza nimetoa wapi sarafu nyingi hivi.

"Nimefiwa na mume," nilisema.

Aliitazama sare, akanitazama usoni. Nilisubiri. "Pole sana," akasema. "Alikuwa na meno mangapi?"

"Manne."

"Mkubwa mwenzangu huyo. Na mke mwenzio anaendeleaje?"

"Mkali bado."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaifunga kamusi katika gazeti, na kutoka katika lile fungu la sarafu akasukuma chache kuja upande wangu, rambirambi, alisema, mtu wa rika lake asizikwe bila mkono wake. Nilizihesabu njiani kurudi Buhongwa. Zilikuwa shilingi mia mbili.